Refa na Binti wa Kwenye Simu

Mtaani kwetu Bagamoyo, ile Bagamoyo ya Tukuyu ambayo haina bahari ila ina ukungu na matope, alikuwepo mtu aliyeweza kukuonyesha kadi ya njano ukiwa kwenye foleni ya maji. Kadi zake mbili, ya njano na nyekundu, zilikaa kwenye mfuko wa shati hata siku za harusi, hata kanisani. Ukimpita mwenzako bombani ulisikia mluzi, ukageuka, ukaikuta kadi imenyooshwa juu ya kichwa chako na yeye mwenyewe anatazama pembeni, kama marefa wote wanavyofanya ili msigombane kwa macho. Watu walicheka, lakini walirudi nyuma. Kuna mjomba wa bibi harusi mmoja aliyeonyeshwa nyekundu kwa kurefusha hotuba, na ukumbi mzima ukapiga makofi mpaka akaketi.

Jina lake la kuzaliwa hatukulitumia. Alikuwa Refa. Bibi zetu wa vijijini, ambao Kinyakyusa chao hakina habari na herufi ya r, walimwita Lefa, naye aliitika kokote.

Mimi nilikuwa jirani yake wa fremu za maduka. Upande wangu nilikuwa na steshenari: fotokopi, kuchapa barua za maombi ya kazi, picha za pasipoti. Upande wake kulikuwa na viatu vya mitumba, vimepangwa juu ya turubai kuanzia mlangoni hadi karibu na mtaro. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao, na ukuta ule haukuwahi kuzuia neno lake hata moja. Alikusalimia kana kwamba umesimama goli la pili. Nakumbuka alinong'ona mara moja tu, msibani, na watu wa nyumba ya jirani wakaja kuuliza ni nani anamsema marehemu.

Kabla ya viatu alikuwa muuzaji kwenye duka la shirika la umma, enzi zile sabuni na sukari zinatoka kwa kibali na muuzaji ndiye mfalme. Shirika likafa, yeye na wenzake wakarudishwa nyumbani. Wenzake wengine walikaa vibarazani wakililaani soko huria mpaka wakazeeka nalo. Refa alililaani kwa wiki moja, kisha akaenda Mbeya akarudi na robota la viatu. Neno lenyewe, soko huria, alilitamka kama mtu anavyomtaja shemeji asiyempenda lakini anayemlisha. Alikuwa akisema kwamba limemletea viatu vya Wazungu, mabasi ya watu binafsi na simu za mkononi, na kwamba katika hivyo vyote ni viatu tu anavyovielewa.

Dukani hakuwa mtu yule yule wa uwanjani. Uwanjani hakubadilisha uamuzi hata mbingu zishuke. Dukani bei ilikwenda na sura. Mama mjane kutoka shambani angeondoka na viatu vya shule vya watoto wake karibu bure, na nyuma yake afisa wa halmashauri akalipishwa vyake na vya wale watoto bila kujua. Nilipomuuliza kama hiyo ni haki, akaniambia kwamba haki iko uwanjani, hapa ni biashara.

Neno lake kubwa lilikuwa "Nimeona." Mchezaji akilalamika kachezewa vibaya: nimeona. Kocha akija juu: nimeona. Mkewe akimwambia bati linavuja, mwanaye akimwonyesha ripoti ya shule, mimi nikimwambia mbuzi anakula kiatu chake, jibu ni hilo hilo. Alilisema ameona au hajaona.

Mechi ya Nkunga ndiyo iliyolifanya neno hilo lijulikane wilaya nzima. Ilikuwa fainali ya kombe la mbuzi, Nkunga wakiwa nyumbani dhidi ya timu ya mjini. Ukungu ulishuka kipindi cha pili, ule ukungu wetu wa kuingia mpaka puani, ikawa ukisimama katikati huoni goli lolote. Mpira ukapigwa kuelekea lango la Nkunga ukamezwa na weupe. Zikasikika kelele. Refa akapuliza filimbi, akanyoosha mkono katikati ya uwanja: goli. Kipa wa Nkunga akatokea ndani ya ukungu kaukumbatia mpira kifuani kama mtoto mchanga. Kijiji kizima kikamzunguka Refa na fimbo za kuchungia. Akawatazama, akasema nimeona, akaanzisha mpira. Mbuzi akapanda gari kuja mjini. Kwa miaka mingi mtu wa Nkunga hakununua kiatu kwake, na akinunua alikipima kwanza kama kina pacha wake kweli.

Na mtu huyo huyo aliyesimama mbele ya fimbo alikuwa akizunguka njia ya nyuma, kupitia matope, ili asikutane na bata mzinga wa mchungaji. Sindano nazo zilimshinda. Akisindikiza mgonjwa zahanati alikaa nje, akiwapangia foleni wengine.

Moyo ulipoanza kumwangusha, wengi tulidhani ni mwili wa mzee umechoka tu. Alianza kuchezesha mechi amesimama duara la kati kama nguzo, anaamua kwa mbali. Akaacha kabisa. Miguu ikavimba, akawa na duka la viatu asiloweza kupata kiatu ndani yake. Madaktari wa Mbeya walimsikiliza kifua wakamtuma Dar es Salaam, na Dar wakaona kwamba vali moja ya moyo, kile kilango cha kupitishia damu, nadhani iliharibiwa na homa aliyougua utotoni, ilikuwa haifungi tena. Ikabidi wampasue, waondoe ile mbovu na kuweka ya kutengenezwa. Kanisa likachanga, wafanyabiashara wa soko wakachanga, hata Nkunga wakatuma kitu, wakisema wanataka awe hai ili waendelee kumdai.

Alirudi amekonda, shati limekuwa gunia. Mtaa mzima ulisimama barabarani kumpokea. Alipunga mkono, akaingia ndani, na hapo ndipo mambo yalipokuwa mabaya, kwa sababu hakutoka tena.

Haya nilielezwa na mkewe, Mama Atu, mwanamke mwembamba wa maneno machache ambaye miaka yote alikuwa akizungumza pale tu mumewe alipovuta pumzi. Alianza kuja kukaa kwenye benchi langu alasiri, eti anasubiri fotokopi, na hana karatasi mkononi. Akaniambia kidonda kimepona vizuri. Dawa anakunywa. Damu inapimwa inavyotakiwa. Lakini vali ile mpya inalia. Ni chuma; ikifunga inagonga, na chumba kikiwa kimya inasikika, ka, ka, ka, kama saa iliyofungiwa ndani ya sufuria. Madaktari walishamwambia hilo ni kawaida. Refa aliitikia, akaja nyumbani, akawa haachi kuisikiliza. Anawasha redio asiisikie, kisha anaizima aone kama bado ipo. Halali, anakaa kitandani ameegemea ukuta. Amekataa kupanda kile kilima kidogo cha kutoka uani kwenda barabarani kwa sababu mapigo yanakwenda mbio. Hataki kumbeba mjukuu. Mtu akimuuliza hali anajibu kwamba yuko sawa, kisha anageukia ukutani.

"Nilijiandaa kuwa mjane," Mama Atu aliniambia siku moja, akitazama barabara. "Sikujiandaa kukaa na mtu aliye hai namna hii."

Siku ambayo muuguzi wa kule Dar alipiga simu kuuliza maendeleo, Mama Atu alimweleza yote. Muuguzi hakushangaa. Akasema inawapata wengi waliopasuliwa moyo, kwamba mwili unatoka hospitali kabla ya mtu mwenyewe. Akasema wanaye mshauri wa saikolojia, anaongea kwa video na wagonjwa wanaoishi mbali, mara moja kwa wiki. Refa alipoambiwa alikataa hapo hapo, kwamba yeye si kichaa. Alikuja kukubali siku chache baadaye, na sababu yake haikuwa ya kiroho hata kidogo. Alikuwa na malalamiko mengi kuhusu chakula cha hospitali, na alikuwa hajapata mtu wa kumpelekea.

Simu yake ilikuwa ya vitufe, na nyumba yao iko bondeni ambako mtandao unaingia ukijisikia. Kwa hiyo ikaamuliwa atumie simu yangu, kwenye chumba changu cha nyuma ninakopigia picha za pasipoti. Mkewe alimleta amemshika mkono, wamepita njia ya nyuma isiyo na mwinuko, na bata mzinga aliwaona. Nikamkalisha kwenye stuli, kitambaa cha bluu nyuma yake. Akanyoosha shingo, akafunga kifungo cha juu, akaikazia macho kamera kama anayesubiri mwanga. Ndivyo alivyokaa wiki zote. Binti yule wa Dar lazima alidhani watu wa wilaya yetu ya Rungwe wanaishi ndani ya vitambulisho.

Alikuwa msichana wa kama miaka thelathini, sauti ya taratibu, anamwita Baba. Jambo la kwanza alimuuliza kama yuko peke yake. Refa akajibu ndiyo. Tulikuwa ndani mimi, mkewe, na Mzee Salehe, fundi cherehani wa fremu ya pili, aliyekuja kuona mashine hiyo inayotibu roho inafananaje. Mzee Salehe akapiga chafya. Binti akasema kwa upole kwamba mazungumzo haya ni ya Baba na yeye, na angeomba wageni watoke. Tukatoka. Niliwasha mashine ya fotokopi ifanye kelele, nikaona natoa kurasa tupu bure. Refa alisikika mpaka bombani. Tulijua habari za ule ugali wa hospitali kama tulikuwa tumeula.

Binti alimsikiliza ugali wote. Mwisho akamuuliza amemweleza nani mwingine habari hii, na Refa akasema hakuna. Wiki iliyofuata alikuja kabla ya muda.

Refa alimfanya binti kama msaidizi wa pembeni, mshika kibendera. Alimwambia wazi kwamba atasikiliza, lakini uamuzi ni wake. Binti akakubali, akampa kazi. Kwanza, kila siku azime redio na kuisikiliza vali yake kwa muda wa wimbo mmoja tu, bila kuhesabu, bila kushika mshipa. Pili, atembee: hadi langoni kwanza, baadaye hadi dukani, baadaye bombani. Kabla ya kutoka ajiulize anadhani kitatokea nini, na akirudi aseme kilichotokea. Mtandao ulikuwa ukikatika, sura ya binti ikaganda mdomo wazi, na Refa akaendelea kuripoti tu. Binti aliporudi hewani na kumwomba arudie, alirudia, na mara ya pili ilikuwa fupi zaidi na ya kweli zaidi.

"Nilidhani nitaanguka mbele ya duka la dawa," nilimsikia akisema.

"Na ikawaje?"

"Nimekutana na bata mzinga. Moyo umekwenda mbio sana."

"Halafu?"

"Halafu ukatulia," Refa alisema, na kwenye sauti yake kulikuwa na mshangao, kama mtu aliyekuta mlango aliodhani umefungwa kumbe umerudishwa tu.

Basi akawa anatoka. Alirudi kukaa dukani saa za asubuhi. Nilimpa shikamoo kupitia ukuta, akanijibu marahaba mwanangu kwa ile sauti yake karibu yote. Tukafikiri kazi imekwisha. Lakini Mama Atu aliendelea kuja kwenye benchi langu, macho mekundu, na siku moja akaja na mkoba. Akasema anakwenda kijijini Masukulu kwa dada yake kupumzika. Hakusema kwa muda gani. Nyumbani, alisema, hakuna kilichobadilika. Mume anatembea barabarani, anasalimia watu, kisha anarudi kuketi kitandani na kumtazama bila neno. Akimuuliza ana nini, anajibu yuko sawa.

Mtaa ukasema amemwacha. Mtaa haukuwa na hakika, lakini ulisema.

Siku ya mazungumzo Refa alikuja peke yake. Kifungo cha juu hakukifunga. Mara tu alipoketi, mvua ikaja, si ya kunyesha bali ya kumwaga, na kila aliyekuwa barabarani akakimbilia baraza yangu. Tulibanana pale akina mama na matenga ya ndizi, Mzee Salehe, mimi, na jamaa mmoja mfupi mwenye kofia, dalali wa parachichi kutoka Nkunga, aliyekuwa ameegesha kirikuu chake, kile kigari kidogo cha mizigo, ng'ambo ya barabara. Mvua kwenye bati ilikuwa kama kokoto. Ndani, binti hakumsikia Refa, akamwomba apaze sauti. Kumwomba Refa apaze sauti ni jambo ambalo hakuna mtu wa Tukuyu angelifanya.

Tukasikia yote. Sidhani kuna aliyekusudia kusikia, ila hapakuwa na pa kwenda.

Alisema mkewe ameondoka. Alisema kila anapomuuliza ana nini, neno linamfika mdomoni na linatoka jingine. Binti akamuuliza, nadhani, ni lini mara ya kwanza aliogopa na akasema kitu kingine, maana jibu lake lilikuja likipita juu ya mvua na juu yetu sote.

"Nkunga," alisema. "Lile goli sikuliona."

Barazani kila mtu akamgeukia yule dalali wa parachichi. Alivua kofia taratibu. Wasiomjua hawakuelewa, lakini mimi nilimjua. Ndiye aliyekuwa golini siku ile.

Refa aliendelea. Alisema alikuwa katikati ya ukungu, anasikia watu asiowaona, hajui mpira uko wapi, na hofu aliyoipata ilikuwa ya kitoto kabisa. Angeweza kusema sijui. Akapuliza filimbi. Na walipomjia na fimbo akawaambia ameona, na alipoona wamerudi nyuma akajua kwamba neno lile linafanya kazi. Tangu hapo kila akiogopa analitumia, na nyumbani limekuwa niko sawa. Sasa anaogopa kulala. Anaogopa kwamba akilala yeye, na mkewe akalala, ile saa ya kifuani itasimama na hapatakuwa na mtu wa kujua. Kwa hiyo anakesha akiilinda, na mkewe anakesha akimlinda yeye, na hawasemi.

Sikusikia binti alimjibu nini. Mvua ilikuwa nyingi na yeye hakuwahi kupaza sauti. Nilisikia tu Refa akisema, mara mbili hivi, sawa, sawa, nitamwambia.

Alipotoka alikuta baraza imejaa, na watu wote wanatazama miguu yao. Dalali alisogea mbele, kofia mkononi.

"Mpira nilikuwa nao mimi," akasema.

"Najua," Refa alijibu.

Nadhani kama wangekuwa peke yao lingeweza kuwa jambo kubwa. Lakini akina mama wa ndizi walikuwa wameshaanza kutikisika mabega kwa kicheko wanachokizuia, Mzee Salehe akashindwa kwanza, na mwisho hata kipa mwenyewe akacheka, akiwa na machozi kidogo ya mtu aliyebishana miaka mingi na leo kashinda bila kupigana. Akamuuliza Refa anaelekea wapi na mvua hii. Refa akasema Masukulu. Yule bwana akavaa kofia yake, akamfungulia mlango wa kirikuu.

Yaliyotokea Masukulu nilisimuliwa na Mama Atu baadaye, naye aliyasimulia kwa ufupi wake. Gari halikuweza kufika kwa dada yake kwa sababu ya utelezi. Kuna kinjia kinachoshuka katikati ya migomba, kisha kinapanda tena hadi uani. Alikuwa jikoni nje akimenya ndizi. Aliona kwanza mwavuli, kisha chini yake mumewe, anatembea polepole, kashika migomba kwa mkono, na nyuma yake mtu wa Nkunga analowa. Alipofika juu alikuwa anahema. Hakukaa. Akamsalimia dada mtu, ugonile, kama kawaida, kisha akamgeukia mkewe akamwambia kwa Kinyakyusa kwamba anaogopa. Akamweleza kila kitu: kulala, vali, kusinzia kidogo na kuamka akimkuta yeye mkewe ameinamia kifua chake akisikiliza.

Nilimuuliza yeye alimjibu nini. Alisema alimaliza kumenya ndizi, kwa sababu watu walikuwa wamekuja na njaa. Kisha akamwambia naye anaogopa, na angependa kuambiwa mapema zaidi kwamba wako wawili.

Walikaa kule siku chache. Waliporudi walikuja kwa binti pamoja, wameketi bega kwa bega mbele ya kitambaa cha bluu, na nililazimika kuongeza stuli. Mama Atu aliongea kwa mara ya kwanza bila kukatizwa. Nilipopita mlangoni nilimwona Refa ameziba mdomo wake kwa kiganja ili neno lisitoke. Walikubaliana mambo madogo. Usiku wapeane zamu ya kuogopa, ndivyo walivyoliita jambo hilo wenyewe, na asiye na zamu alale. Baada ya muda wakaanza kusahau ni zamu ya nani.

Siwezi kusema alipona akawa kama zamani. Hakuchezesha mechi tena. Alikaa pembeni ya uwanja akiwapigia kelele marefa vijana, ambao walimwogopa kuliko wachezaji. Zilikuwepo siku alizofunga duka katikati ya asubuhi, akaja upande wangu, akasema leo ni moja ya zile siku. Nilimsogezea stuli, nikaendelea na kazi zangu, naye alikaa pale akiwatazama wateja mpaka ipite. Kabla ya binti wa kwenye simu asingesema hivyo kwa mtu. Nkunga walimdai mbuzi, akawapa, mdogo sana, wakamla pamoja. Na bado ungemkuta, akiambiwa jambo asilolijua kabisa, anajibu nimeona, kisha anakuna kichwa na kusema, au labda sikuona vizuri.

Mimi baadaye nilihamia Mbeya, nikafungua steshenari nyingine karibu na chuo. Tulisalimiana kwa simu sikukuu. Mara ya mwisho kumwona ilikuwa stendi, alfajiri imekwisha lakini jua bado baridi, nimekwenda kupokea mzigo wa karatasi. Niliwakuta wameketi kwenye benchi la saruji, mabegi miguuni. Walikuwa wametoka Dar kwenye uchunguzi wa kila mwaka, basi limewashusha, wanangoja gari la kwenda Tukuyu. Mama Atu alikuwa amelala, kichwa chake kimelala kwenye kifua cha mumewe, mdomo wazi kidogo. Nikafungua mdomo kutoa shikamoo, Refa akaweka kidole kwenye midomo yake.

Akanisimulia polepole, kwa maneno ya chini niliyolazimika kuinama kuyasikia. Walimwona binti. Walikuwa hawajawahi kuonana naye ana kwa ana. Refa alimpitia mlangoni mara mbili bila kumjua, maana siku zote alimdhania mfupi, kumbe ni mrefu anayeinama kupita milango. Alikuwa amembebea parachichi, gunia zima, na viatu, ambavyo namba aliikisia kwa kuisikia tu sauti ya binti. Viatu vilimbana. Binti alicheka mpaka akafuta macho. Parachichi akachukua chache, akasema nyingine wapelekewe wagonjwa wodini, kwa hiyo Refa akazunguka wodi ya waliopasuliwa akigawa, na kila kitanda akisimama kuuliza kama mgonjwa analala.

Nilimuuliza waliongea nini na binti, baada ya muda wote ule.

"Hatukuongea sana," alisema. "Tulikaa tu."

Gari la Tukuyu likaingia. Likaanza kujaa, konda akapita akiita, akamwona Refa na mabegi yake akamwonyesha viti viwili vya mbele. Refa akatikisa kichwa. Konda akasema hili ndilo la haraka, na linalofuata halijulikani litaondoka saa ngapi. Refa akamtazama mkewe aliyelala kifuani pake, akaivuta khanga taratibu akamfunika bega lililokuwa wazi, na gari likaondoka bila wao.